Kipimo cha Figo kwa Mwenye Kisukari Anayefanya Mazoezi: Maswali Yanayoulizwa Sana

Jumapili alfajiri barabara nyingi za Dar es Salaam huwa mali ya vikundi vya jogingi. Wamo vijana, wamo wastaafu, na wamo watu ambao daktari aliwaambia wakimbie kwa sababu ya sukari. Kesho yake baadhi yao huwa wamekaa kwenye benchi la kliniki ya kisukari, kikopo cha mkojo mkononi. Jibu likitoka limepanda, hofu huingia: huyu anaacha mbio, yule anaacha dawa, mwingine haonekani tena kliniki. Maelezo haya yametolewa ili kisiachwe hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Kwa nini nipimwe figo wakati sisikii maumivu yoyote?

Kwa sababu figo zinazoharibika kwa kisukari haziumi. Kila figo ina vichujio vidogo sana vinavyokaribia milioni moja, na figo zote mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku. Karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja au mbili tu hutoka kama mkojo. Sukari ikikaa juu kwa miaka, hasa ikishirikiana na shinikizo la damu, vichujio hivyo huchakaa polepole, na mtu huendelea kujiona mzima mpaka sehemu kubwa ya kazi ya figo imeshapotea. Maabara huliona tatizo miaka mingi kabla mwili haujalisema.

Kipimo chenyewe ni kipi?

Ni viwili, na vinakwenda pamoja. Cha kwanza ni cha mkojo, kinachoandikwa ACR kwenye fomu: hutazama albumini, ambayo ni protini ya damu inayopaswa kubaki mwilini, na kuilinganisha na kreatinini, ambayo ni taka inayotokana na misuli. Cha pili ni cha damu: hupimwa kreatinini iliyomo kwenye damu, kisha kwa kuzingatia umri na jinsia yako hukokotolewa eGFR, yaani kadirio la kasi ambayo figo zinachuja kwa dakika moja.

Mtu anaweza kuwa na ACR mbaya na eGFR nzuri kabisa, au kinyume chake. Aliyepimwa kimoja tu amepimwa nusu.

Nianze lini, na nirudie kila baada ya muda gani?

Mwenye kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha watu wazima wengi, apimwe tangu siku anapogundulika, kwa kuwa huenda sukari ilikuwa juu kwa miaka bila yeye kujua. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani na huhitaji insulini, aanze miaka mitano baada ya kugundulika. Baada ya hapo ni angalau mara moja kila mwaka kwa wote, na mara nyingi zaidi kwa yule ambaye majibu yake hayako sawa.

Nilipimwa mkojo kwa kijiti nikaambiwa hakuna protini. Hiyo haitoshi?

Kijiti cha kawaida kinachochovywa kwenye mkojo huonyesha protini ikishakuwa nyingi. Ile kidogo ya mwanzo, ambayo ndiyo tunayoitafuta, hukipita. Kijiti kikionyesha protini ni habari ya kufuatilia, lakini kisipoonyesha si hati ya kuwa figo ni nzima. Ikiwa zahanati yako haina kipimo cha ACR, una haki ya kuuliza kinapatikana wapi na kuomba rufaa ya kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya.

Je, mazoezi ndiyo yanayoharibu figo?

Hapana. Kwa mwenye kisukari, mazoezi hushusha sukari na shinikizo la damu, na hayo mawili ndiyo maadui wakubwa wa figo. Linalotokea ni jambo la muda: mtu anapokimbia kwa nguvu, damu nyingi huelekezwa kwenye misuli, mtiririko wa figo hubadilika, na albumini kidogo huponyoka ikaingia kwenye mkojo. Hata mwanariadha asiye na ugonjwa wowote humtokea hivyo, na kwa kawaida hali hutulia ndani ya siku moja hivi.

Kwa hiyo mazoezi yanaweza kuliharibu jibu la maabara bila kuiharibu figo. Tunalisisitiza hili kwa sababu wapo watu walioacha kukimbia kwa jibu ambalo lingekuwa jingine kama kikopo kingesubiri siku moja zaidi.

Nipumzike muda gani kabla ya kupima?

Angalau saa 24 bila mazoezi makali. Tufanye hesabu: ukimaliza mbio Jumapili saa mbili asubuhi, ukakinga mkojo Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, zimepita saa 21 tu, hazijatosha. Kama kliniki yenu ni ya Jumatatu, wiki hiyo kimbia Jumamosi, au Jumapili tembea tu. Aliyetoka kwenye mbio ndefu kama zile za kilomita 21 au 42 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi ni busara asubiri wiki nzima, kwa sababu upungufu wa maji na misuli iliyochoka huweza kupandisha kreatinini ya damu pia.

Kutembea kwa miguu kwenda kliniki nako kunahesabika?

La. Mwendo wa kawaida, kazi za nyumbani na kupanda ngazi hazina neno. Tunachozungumzia ni jasho jingi na kuhema: mbio, mpira, kunyanyua vyuma, baiskeli ya kasi au mlima mrefu.

Mimi sifanyi mazoezi, nabeba zege. Inanihusu?

Inakuhusu sawasawa. Kubeba magunia sokoni, kupiga zege, kusukuma mkokoteni au kulima kutwa nzima ni kazi nzito kwa mwili kuliko mizunguko mingi ya uwanjani. Mwambie mhudumu unafanya kazi gani, na ikiwezekana chukua kipimo baada ya siku yako ya mapumziko. Kama hakuna siku ya mapumziko, pima hivyo hivyo, ila iandikwe kwenye fomu kwamba jana ulikuwa kazini. Fomu isipokuwa na nafasi, omba iandikwe pembeni.

Mkojo ukingwe vipi?

Mkojo bora ni wa kwanza wa asubuhi, mara tu unapoamka. Acha wa mwanzo umwagike chooni, kinga wa katikati kwenye kikopo safi ulichopewa na maabara, funga, na uupeleke asubuhi hiyo hiyo bila kuuacha juani au ndani ya gari lenye joto. Usitumie chupa ya soda au ya dawa uliyoiosha nyumbani. Mabaki kidogo tu yanaweza kubadili jibu.

Kuna siku ambazo sipaswi kupima?

Zipo. Ahirisha kipimo cha mkojo ukiwa na homa, ukiwa na maambukizi ya njia ya mkojo, ukiwa kwenye hedhi, au sukari ikiwa imepanda sana kwa siku hizo, kwa sababu kila kimoja kati ya hivyo huweza kupandisha albumini kwa muda. Kuahirisha maana yake ni kupanga tarehe nyingine hapo hapo kabla hujaondoka, maana asiyeondoka na tarehe mara nyingi hurudi mwakani.

Lazima niende bila kula?

Kwa vipimo hivi viwili vya figo, hapana. Vipimo vingine vinavyochukuliwa siku hiyo hiyo, kama sukari ya kufunga, huenda vikataka usile, kwa hiyo uliza mapema. Na kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, uliza pia dawa ya asubuhi uitumieje. Jambo moja la kuepuka ni nyama nyingi usiku wa kuamkia kipimo: nyama iliyopikwa huingiza kreatinini mwilini, na sahani kubwa ya nyama choma ya saa nne usiku inaweza kuonekana kwenye damu ya asubuhi.

Ninanyanyua vyuma na kutumia unga wa kreatini. Jibu langu litasomwa sawa?

Linaweza kusomwa vibaya daktari asipojua. Misuli mikubwa huzalisha kreatinini nyingi, na unga wa kreatini huiongeza, hivyo kikokotoo kinaweza kuonyesha figo dhaifu kuliko zilivyo. Kwa mzee aliyekonda, au mtu aliyekatwa mguu, hutokea kinyume: misuli ni michache, kreatinini inakuwa ndogo, na figo huonekana nzima kuliko ukweli. Kukiwa na shaka, kuna kipimo kingine cha damu kiitwacho sistatini C, ambacho hakiyumbishwi sana na misuli. Hakipatikani kila mahali, lakini kukiulizia si kosa.

Jirani yangu ana kreatinini sawa na yangu, lakini yeye ameambiwa ana tatizo na mimi sina. Nani amekosea?

Huenda hakuna aliyekosea. Chukua kreatinini ya 104 kwa kipimo cha maikromoli kwa lita, namba inayoonekana mara kwa mara kwenye karatasi za maabara. Kwa kikokotoo kinachotumika sasa sehemu nyingi, kilichotolewa mwaka 2021, mwanamume wa miaka 45 mwenye namba hiyo hupata eGFR ya takriban 78. Mwanamke wa umri huo huo hupata takriban 58, na bibi wa miaka 70 hupata takriban 50. Namba ya damu ni moja, habari ni tatu tofauti. Ukipewa karatasi yenye kreatinini peke yake, omba uhesabiwe na eGFR.

Nitajuaje kama ACR yangu ni nzuri?

Kwanza tazama kizio kilichoandikwa mbele ya namba, kwa sababu maabara hutumia viwili tofauti. Chini ya 30 kwa mg/g, au chini ya 3 kwa mg/mmol, ni kawaida. Kuanzia hapo hadi 300 kwa mg/g, au 30 kwa mg/mmol, ni ongezeko la kati. Kupita hapo ni ongezeko kubwa. Wapo waliopata 12 wakashangilia, kumbe maabara ilipima kwa mg/mmol, na wapo waliopata 25 kwa mg/g wakalia bure.

Na eGFR?

Hiyo, tofauti na ACR, ikiwa kubwa ndiyo nzuri. Kuanzia 90 kwenda juu ni kawaida. 60 hadi 89 hutazamwa pamoja na ACR, na mkojo ukiwa safi mara nyingi si ugonjwa. Chini ya 60 kwa muda wa miezi mitatu au zaidi huhesabiwa kuwa ugonjwa sugu wa figo, yaani unaodumu. Chini ya 15 figo zimeshindwa kazi, na ndipo mazungumzo ya kusafisha damu kwa mashine au kupandikizwa figo huwa ya lazima, ingawa maandalizi yake yanapaswa kuanza mapema.

ACR yangu imepanda mara moja. Nimeshapata ugonjwa wa figo?

Bado hakuna anayeweza kukuambia hivyo kwa jibu moja. Kawaida ni kurudia, na ACR huhesabiwa kuwa imepanda kweli pale majibu mawili kati ya matatu, yaliyochukuliwa ndani ya miezi mitatu hadi sita, yanapokuwa juu. Una haki ya kuomba kipimo kirudiwe, na safari hii upumzike kama ilivyoelezwa hapo juu. Lakini kurudia kusiwe kisingizio: aliyejua kwamba alipima akiwa ametoka mbioni, akajisemea "ni mazoezi tu" na asirudi, amekosea sawa na yule aliyeacha mazoezi.

Imethibitika kwamba figo zimeanza kuathirika. Niweke viatu kabatini?

Usiviweke. Ushauri wa jumla kwa watu wazima ni dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, mfano nusu saa kwa siku tano, na watu wenye ugonjwa wa figo nao wanahimizwa kufikia hapo kadiri mwili unavyoruhusu. Kabla ya kuongeza kasi au uzito, pimwa macho na miguu pia. Mishipa midogo ya jicho huharibika kwa njia inayofanana na ya figo, na mwenye vidonda vikubwa kwenye retina, yaani ukuta wa nyuma wa jicho unaopokea picha, anaweza kuvuja damu ndani ya jicho kwa kunyanyua vyuma vizito.

Kwa nini sukari yangu inashuka sana mazoezini siku hizi?

Inaweza kuwa figo zinazungumza. Sehemu ya insulini huondolewa mwilini na figo, na zikipungua nguvu insulini hukaa muda mrefu zaidi. Baadhi ya vidonge, hasa glibenklamidi, huwa hivyo pia. Pima sukari kabla ya kuanza, kula kitu kidogo ikiwa chini ya 5 mmol/L, na usitoke bila glukosi, sukari au juisi mfukoni. Ikishuka chini ya 4 mmol/L simama, kunywa kitu cha sukari, pima tena baada ya dakika 15, kisha mweleze daktari ili dozi iangaliwe upya. Usiipunguze mwenyewe kimyakimya.

Ni kweli metformini inaua figo?

Habari hii imeenea, na chanzo chake kinaeleweka: watu wameona jamaa zao wakinywa metformini kwa miaka, figo zikashindwa, kisha daktari akaisimamisha. Lakini kilichoharibu figo ni sukari na shinikizo la damu. Dawa ilisimamishwa kwa sababu metformini hutolewa mwilini na figo, na zikidhoofika inaweza kurundikana. Ndiyo maana dozi hupitiwa upya eGFR ikishuka chini ya 45, na dawa huachwa ikishuka chini ya 30. Anayeiacha mapema kwa hofu huiacha sukari ipande, na kwa kufanya hivyo huziumiza figo alizotaka kuzilinda.

Sina presha. Mbona nimeandikiwa lisinopril au losartan?

Dawa hizi hushusha presha, na pia hupunguza msukumo wa damu ndani ya vichujio vya figo, hivyo albumini inayovuja hupungua. Mwanzoni kreatinini huweza kupanda kidogo, na daktari huvumilia ongezeko la hadi asilimia 30. Kwa hiyo utaitwa kupimwa damu tena baada ya wiki chache, na usishtuke. Mjamzito hapaswi kuzitumia, na mwanamke anayepanga kubeba mimba amwambie daktari mapema abadilishiwe.

Wengine huandikiwa empagliflozini au dapagliflozini, ambazo hulinda figo na hutoa sukari kupitia mkojo. Ukiona kijiti kinaonyesha sukari nyingi kwenye mkojo, au sisimizi wamejaa chooni, huenda ni dawa inafanya kazi yake. Ila anayejiandaa kwa mbio ndefu amuulize daktari kama aisimamishe kwa muda, kwa sababu mwili uliokaukiwa maji na chakula unaweza kutengeneza asidi ya hatari hata sukari ikiwa haijapanda sana.

Baada ya mbio miguu inauma. Ninaruhusiwa kunywa diklofenaki?

Tunakuomba sana usizoee. Diklofenaki, ibuprofeni na dawa za kundi hilo hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na zikikutana na mwili ulioishiwa maji na dawa za presha tulizozitaja, figo zinaweza kugoma ghafla. Hizi ndizo dawa ambazo mtu hupewa dukani vidonge vinne kwenye karatasi, bila jina wala maelezo. Uliza jina la dawa, mwambie mfamasia kwamba una kisukari, na kwa maumivu ya kawaida parasetamoli kwa dozi sahihi ndiyo salama zaidi.

Nikinywa maji mengi sana figo zitasafika?

Figo huhitaji maji ya kutosha, na hakuna ushahidi kwamba lita nyingi za ziada huzisafisha. Kunywa kwa kadiri ya kiu na jasho. Ukigugumia maji kupita kiasi kwenye mbio ndefu, chumvi ya damu hushuka, na hilo linaweza kukuangusha. Mwenye ugonjwa wa figo uliosonga mbele anaweza kuwekewa kipimo cha maji kwa siku, na hata madafu, ambayo wengi huyaona hayana madhara, yana potasiamu, yaani madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa na ambayo yakizidi huvuruga mapigo ya moyo.

Na dawa za mitishamba za kusafisha figo?

Hatudharau tiba za asili. Dawa kadhaa za hospitali zilianzia kwenye mimea. Tatizo ni kwamba chupa nyingi hazionyeshi kilichomo wala dozi, na baadhi ya mimea inajulikana kudhuru figo. Ukiwa tayari umeanza kutumia, usifiche: mwambie daktari, mpelekee na chupa, naye hana sababu ya kukugombeza.

Kiuno kinauma na mkojo una povu. Si ndizo dalili za figo?

Maumivu ya kiuno mara nyingi hutokana na misuli au pingili za mgongo, hasa kwa anayekimbia au kubeba mizigo. Povu linaweza kutokana na kasi ya mkojo tu, lakini likibaki kila siku linaweza kuwa ni protini, kwa hiyo ni sababu ya kupima. Kukosa povu wala maumivu hakumwondolei mwenye kisukari kipimo chake cha mwaka.

Dalili gani nikiziona niende hospitali mara moja?

Mkojo wa rangi ya chai ya rangi au kola baada ya mazoezi makali, ukiambatana na misuli kuuma kupita kawaida. Hiyo inaweza kuwa misuli imepasuka na kumwaga protini inayoziba figo, na haisubiri kesho wala kliniki ya Jumatatu. Nenda pia haraka ukikosa mkojo, ukivimba uso na miguu, ukikosa pumzi, au ukitapika bila kukoma. Siku za kutapika na kuharisha, piga simu au fika kituoni uulize ni dawa zipi zisimame kwa muda, lakini mwenye kisukari cha aina ya kwanza asisimamishe insulini.

Mwezi wa Ramadhani nitafanyaje?

Zungumza na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwa kuwa mwenye ugonjwa wa figo uliosonga yuko kwenye kundi la hatari kubwa akifunga. Aliyeruhusiwa kufunga asikimbie saa za alasiri. Mazoezi mepesi yawe baada ya futari, na swala ya tarawehe nayo ihesabiwe kuwa ni mazoezi. Kujitoboa kidole kupima sukari hakubatilishi saumu kwa mujibu wa wanazuoni wengi, na mwenye wasiwasi amuulize shehe wake badala ya kuacha kupima.

Nikikutwa na tatizo, ndiyo nimeshaingia kwenye mashine?

Wengi hawafiki huko, hasa waliogundulika mapema, na ndiyo faida ya kupima kila mwaka. Husemwa pia kwamba anayeanza kusafisha damu anakufa haraka. Ukweli ni kwamba wengi walioonekana hivyo walifikishwa hospitali wakiwa wamechelewa sana. Upandikizaji wa figo hufanyika nchini: Hospitali ya Taifa Muhimbili iliuanza mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata.

Nina haki gani nikiwa kliniki?

Una haki ya kuelezwa unapimwa nini na kwa nini, kwa lugha unayoielewa, na ya kupewa nakala ya majibu yako. Itunze, jibu la mwaka jana likiwekwa kando ya la mwaka huu humwambia daktari mengi kuliko jibu moja. Kama unatumia bima, uliza kabla ya kipimo kama ACR imo kwenye kifurushi chako, na kama hutumii, uliza bei kabla ya kutoa mkojo. Usiporidhika na huduma, anza na mganga mfawidhi wa kituo au weka maandishi kwenye sanduku la maoni, ukitaja tarehe na kipimo kilichohusika.

Klabu yetu ya jogingi inataka kila mwanachama alete majibu ya figo ili aandikishwe. Ni sawa?

Taarifa za afya ni za siri yako, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ya Tanzania inazihesabu kuwa taarifa nyeti. Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2019. Klabu inaweza kujali usalama wa wanachama, lakini barua fupi ya daktari inayosema unafaa kushiriki inatosha, bila namba zako kusomwa kwenye kundi la WhatsApp. Hata hivyo, kwa hiari yako, mwambie angalau mwenzako mmoja unayekimbia naye kwamba una kisukari na glukosi iko mfuko gani.